Kutoka Kiriri Hadi Kambini: Kilimo cha Frezi Katika Bustani ya Nyumbani

Maneno yaliyosomwa na mwalimu wa shule ya msingi, kwa niaba ya walimu wenzake wa kikundi cha bustani, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Ilipotangazwa kwamba kila kikundi kitaeleza kazi yake, wenzetu washonaji walileta nguo, na mafundi seremala wakaleta viti. Sisi walimu wa kikundi cha bustani tumeleta bakuli tano za frezi. Ziko pale mezani chini ya kitambaa, na tunaomba zisiliwe kabla ya hotuba hii kwisha.

Frezi ndilo tunda ambalo hapa Tanzania na Kenya huitwa stroberi. Sisi tuliokulia Bujumbura tulizoea jina lililotokana na Kifaransa, na leo tutaendelea nalo. Tutasema mambo manne: jinsi tunda hili lilivyolimwa Kiriri, kule lilikotoka kabla ya kufika Afrika, namna ya kulilima hapa tulipo, na mwisho swali moja ambalo tumeulizwa mara nyingi tukiwa tumeinama bustanini.

BUSTANI ZA KIRIRI

Watoto wengi walioketi hapa mbele wamezaliwa kambini, hivyo yafaa tuwaeleze. Kiriri ni mtaa wa Bujumbura ulio kwenye mteremko wa milima, upande wa mashariki wa jiji. Ukisimama huko unaona mji wote chini yako, kisha Ziwa Tanganyika, kisha ng'ambo milima ya Kongo iliyo juu ya Uvira. Huko ndiko iliko kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, chuo kilichoanzishwa mwaka 1964. Jirani yake, katika kilima cha Vugizo, ndipo alipozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962.

Zamani za Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura, wakubwa walipenda kujenga kwenye mteremko huo kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya kuwa juu. Baada ya uhuru nyumba hizo zilikaliwa na wakubwa wa serikali, mabalozi na wageni wengine. Chini, kwenye tambarare yenye joto, ilikuwapo mitaa yetu ya Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili kilisemwa barabarani, sokoni na misikitini. Kila alfajiri kundi la watu lilipanda kwenda Kiriri: wapishi, yaya, walinzi tuliowaita zamu, na watunza bustani. Jioni walishuka. Baadhi ya wazee tulio nao hapa kambini walikuwa katika kundi hilo, nao ndio waliotufundisha haya tunayoyasema. Chuo cha ualimu kilitupa majina ya sehemu za mmea na namna ya kuandaa somo. Wazee hao walitupa kilimo chenyewe.

Jambo la kwanza walilojifunza Kiriri ni jua. Mteremko ule unatazama magharibi, kuelekea ziwani. Asubuhi mlima huuzuia mwanga kidogo, lakini kuanzia saa nane mchana jua huupiga mteremko uso kwa uso mpaka linapozama nyuma ya milima ya Kongo. Frezi hupenda jua la asubuhi na huchoka kwa jua la mchana. Kwa hiyo watunza bustani waliojua kazi waliipanda upande wa mashariki wa nyumba, ili kuanzia alasiri kivuli cha ukuta kiifunike. Mwenye nyumba aliyetaka frezi zake zionekane barazani, upande wa ziwa, alipata majani mazuri na matunda haba.

Jambo la pili ni baridi. Mtaona ajabu tukisema baridi ya Bujumbura, lakini subirini. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa kadiri ya nusu digrii au zaidi kidogo. Nchi halisi ya frezi kwetu ilikuwa Bugarama, njiapanda iliyo juu milimani, zaidi ya mita 2,000, pale barabara ya Gitega inapoachana na barabara ya Kayanza. Waliosafiri njia hiyo wanakumbuka wauzaji kando ya lami, wakinyanyua karoti, kabichi, vitunguu na vikapu vya frezi mbele ya vioo vya magari. Kule kuna baridi kuliko ziwani kwa digrii saba au nane. Kiriri iko chini zaidi, imeupita mji kwa kimo kidogo tu. Lakini upepo wa usiku unaoteremka kutoka milimani ulitosha, hasa mwezi Juni na Julai, kuufanya mmea utoe maua.

Hapa kuna elimu ya kukumbukwa. Katika nchi za Ulaya frezi huongozwa na urefu wa siku: siku zikiwa fupi na baridi ikiingia, mmea huandaa maua. Kwetu karibu na ikweta mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima, basi kinachoamua zaidi ni ubaridi wa usiku. Ndiyo maana miche ile ile iliyotoka Bugarama ilizaa Kiriri, na ilipopelekwa Buyenzi ikaota majani tu.

Jambo la tatu ni mteremko wenyewe. Mvua za Bujumbura zikishuka kwa nguvu hubeba udongo wote kwenda ziwani. Watunza bustani walikata ngazi ndogo za udongo, wakaweka mawe pembeni, na juu ya kila ngazi wakapanda mstari mmoja wa frezi. Mizizi ya frezi ni mifupi na imesongamana, nayo husaidia kuushika udongo wa juu.

Mwenye nyumba alilijua tunda. Mtunza bustani aliujua mmea. Mzee wetu mmoja hutusimulia kwamba katika nyumba aliyofanya kazi, matunda yalihesabiwa kila asubuhi, na yakipungua, mshahara nao ulipungua. Lakini mikono ya mmea, yaani zile kamba nyembamba zinazotambaa juu ya ardhi na kuota mche mpya kwenye ncha, hakuna aliyeihesabu. Aliamriwa aikate na kuitupa jalalani. Yeye aliikata, akaifunga kwa jani la mgomba lililoloweshwa, akashuka nayo jioni. Kwa muda mrefu akigawa miche hiyo kwa jamaa zake wa milimani waliokuja mjini kuuza mboga. Shamba kubwa la frezi lilitoka katika taka za bustani moja.

LILIKOTOKA TUNDA HILI

Wanafunzi wetu hutuuliza: je, frezi ni mmea wa kwetu? Jibu ni kwamba frezi hii kubwa ya bustani haina kwao hasa. Ilizaliwa safarini, na hadithi yake inatuhusu.

Mwaka 1714 mhandisi Mfaransa aitwaye Amédée-François Frézier alirudi kwao kutoka Chile, Amerika ya Kusini, alikokuwa ametumwa kupeleleza ngome za Wahispania. Huko aliona frezi zenye matunda makubwa kuliko yote aliyoyajua, akachukua miche kadhaa melini. Safari ilichukua miezi mingi na maji ya kunywa yalipimwa, nayo miche ilitaka kunyweshwa. Iliyofika hai ilikuwa mitano tu.

Ikapandwa, ikastawi, ikatoa maua, lakini haikuzaa. Miche yote ilikuwa majike. Kwa miaka mingi ilionekana ni mapambo tu. Baadaye, wakulima wa magharibi mwa Ufaransa, karibu na mji wa Brest, waligundua kwamba ikipandwa kando ya frezi nyingine, ile iliyoletwa kutoka Amerika ya Kaskazini, inazaa matunda makubwa. Mwaka 1766 kijana Mfaransa, Antoine Nicolas Duchesne, alieleza sababu katika kitabu chake: wageni wawili kutoka sehemu mbili za dunia walikuwa wameoana katika ardhi ya watu wengine. Kutokana na ndoa hiyo ndiyo tukapata frezi hii inayolimwa leo Limuru, Lushoto, Bugarama na kwingineko.

Tunawaambia wanafunzi wetu hadithi hiyo bila kuongeza kitu. Kambi hii ina watu wa mikoa mbalimbali, lugha mbalimbali na miaka mbalimbali ya kukimbia. Wao wenyewe huielewa.

NAMNA YA KULIMA HAPA KAMBINI

Sasa tuje kwenye jembe. Tutaeleza kwa utaratibu, ili atakayependa aanze wiki hii hii.

Kwanza, uchaguzi wa mahali. Kumbukeni Kiriri: jua la asubuhi, kivuli cha alasiri. Ukuta wa mashariki wa nyumba unafaa. Wenye kiwanja kidogo watumie gunia, ndoo iliyopasuka au kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa chini. Tobo ni lazima, maana frezi ikisimama katika maji huoza mizizi. Asipande mtu mahali palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi mviringo miaka ya karibuni, kwa kuwa ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni ukingojea.

Pili, udongo. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu na sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, isiyotoa harufu wala joto. Samadi mbichi huunguza mizizi. Katika gunia, weka mawe madogo katikati kutoka chini hadi juu kama nguzo, ili maji yashuke na kuenea. Wengi mmeshafanya hivyo kwa mchicha na sukumawiki.

Tatu, upandaji. Hapa kwetu tumeona wakati mzuri ni mwezi Machi, mvua zikiwa bado zipo lakini zikielekea kwisha. Mche unapata muda wa kushika mizizi, kisha maua yanakuja Mei na Juni usiku unapoanza kuwa baridi. Kati ya mche na mche acha sentimita 30. Angalieni sana moyo wa mche, yaani pale majani yanapotokea. Moyo ukifukiwa, unaoza. Ukiachwa juu mno, mizizi inakauka. Uwe sawasawa na uso wa udongo. Wanafunzi wetu wana msemo wao: "Miguu ndani, shingo nje."

Nne, maua ya kwanza. Maua yanayotokea katika wiki chache za mwanzo yakatwe. Najua, tunajua sote, inauma kukata ua la tunda unalolingoja. Lakini mche mdogo unaozaa mapema hudhoofika, kama mtoto anayebebeshwa mzigo wa mtu mzima.

Tano, matandazo. Funika udongo kwa majani makavu yasiyo na mbegu. Matandazo huhifadhi unyevu, huzuia magugu, na hulifanya tunda lisiguse udongo. Tunda likigusa udongo mbichi huingiliwa na ukungu wa kijivu, na tunda moja lenye ukungu huambukiza jirani zake. Likitokea, litolewe mara moja na lipelekwe mbali.

Sita, maji. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Shina moja ndani ya gunia hutaka kadiri ya nusu lita kwa siku wakati wa kiangazi. Mashina ishirini yanataka lita kumi, yaani nusu ya dumu. Tukijua foleni ya bombani ilivyo, hatutamwambia mama yeyote aanze na mashina ishirini. Aanze na matano, ambayo ni lita mbili na nusu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha. Lakini maji ya kuogea, ya kufulia na ya kunawisha watoto yasimwagwe kwenye frezi hata kidogo, kwa sababu tunda hili huliwa bichi na halina ganda la kumenya. Waliopita Kagunga mwezi Mei 2015, wakasubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, wanakumbuka kipindupindu kilifanya nini pale ufukweni. Maji yamwagwe chini ya shina asubuhi, siyo juu ya majani wala usiku. Na tunda lioshwe kwa maji safi wakati wa kula tu, kwani likioshwa na kuwekwa huoza upesi.

Saba, maadui. Konokono hutoka usiku. Waokotwe kwa mkono alfajiri, na majivu makavu yamwagwe kuzunguka gunia. Ndege na kuku hupenda rangi nyekundu. Chandarua kilichochakaa kabisa, kisichofaa tena kwa kulalia, kinatosha kufunika. Tunasisitiza neno kilichochakaa, ili ndugu zetu wa idara ya afya wasitukasirikie. Nyuki, kwa upande mwingine, ni marafiki. Vile vipunje vidogo vinavyoonekana juu ya ngozi ya frezi, kila kimoja kinahitaji chavua. Ua lisilotembelewa vizuri hutoa tunda lililopinda na lenye mashimo. Kwa hiyo asubuhi, maua yanapokuwa wazi, chandarua kiondolewe kwanza.

Nane, uvunaji. Tangu ua kufunguka hadi tunda kuiva ni wiki nne au tano hivi. Frezi ikishachumwa haiongezi utamu, kwa hiyo haifai kuchumwa mbichi kama ndizi kwa kutegemea itaivia ndani. Ngojea iwe nyekundu yote, hata mabegani karibu na kikonyo. Chuma asubuhi kabla ya joto, kwa kukata kikonyo kwa kucha, bila kulivuta wala kulibana tunda. Weka katika chombo kipana, safu moja au mbili tu. Bila friji hukaa siku moja, kwa bahati mbili. Kwa ajili hiyo tunasema frezi ni tunda la jirani: huwezi kulificha, huwezi kulilimbikiza.

Shina lililotunzwa vizuri linaweza kutoa robo kilo kwa mwaka, na pengine zaidi. Gramu 100 zina vitamini C ya kadiri ya miligramu 60, inayotosha mahitaji ya siku ya mtoto wa shule ya msingi. Hatuwafichi: pera linaipita frezi kwa vitamini hiyo. Mwenye mpera asiukate.

Wala hatusemi kwamba frezi inashibisha. Mwezi Juni 2023, mgao wa chakula katika kambi za mkoa huu wa Kigoma ulipopunguzwa hadi asilimia 50 ya kiwango cha chini, hakuna aliyekula frezi akalala ameshiba. Lengalenga, maharage na viazi vitamu vitangulie. Frezi ipewe mahali ambapo maharage hayaingii: pembeni mwa ukuta, juu ya gunia, katika kopo lililotundikwa. Kazi yake ni kumpa mtoto kitu kitamu alichokilima mwenyewe, na kumpa mama bakuli la kuuza kwa jirani pale inaporuhusiwa.

MIKONO YA MMEA

Sasa tunafika kwenye ile mikono ambayo mzee wetu wa Kiriri aliambiwa aitupe. Mmea ukishamaliza kuzaa hurefusha mikono. Ukiiacha yote, mama huchoka na mwaka unaofuata hazai. Acha miwili au mitatu, mingine kata. Chukua kopo dogo lenye udongo mzuri, liweke kando ya mama, laza kichwa cha mche mpya juu yake, kishikilie kwa kijiti kilichokunjwa au jiwe dogo. Usikate kamba bado; mtoto ananyonya kupitia hapo. Baada ya wiki nne hadi sita mvute taratibu. Akishikilia udongo, amepata mizizi yake, sasa kata. Usichukue mtoto kwa mama mgonjwa, mwenye majani yaliyonyauka au yenye mabaka, maana atakurithisha ugonjwa.

Mama mwenyewe huzaa vizuri miaka mitatu hivi, kisha matunda huwa madogo na machache. Wakati huo binti zake wawe tayari wamekaa mahali papya. Bustani ya frezi haidumu kwa kukaa. Hudumu kwa kuhamishwa.

SWALI TUNALOULIZWA

Ndugu Mwenyekiti, miaka mitatu ndilo neno linaloleta swali. Jirani anapita, anatuona tumeinama, anauliza: "Walimu, mnapanda mmea wa miaka mitatu? Mmeamua kufia hapa?" Siku nyingine anapita mgeni mwenye daftari, anatazama magunia yetu, na tunahisi anaandika moyoni: hawa hawana nia ya kurudi.

Swali hili si dogo. Tangu Septemba 2017 misafara ya kurudi Burundi kwa hiari imekuwa ikiondoka. Wapo ndugu zetu walioandikishwa wakaenda, wapo wasioandikishwa, na wapo wanaolala kila usiku wakiwaza bila kupata jibu. Katika hali kama hiyo kila kitu huwa ushahidi. Ukipaka nyumba udongo mpya, umeamua kukaa. Ukiuza sufuria, umeamua kuondoka. Watu huanza kuishi kwa mazao ya miezi miwili tu, kisha hata hayo wanayaacha, na mikono inazoea kukaa bure. Sisi walimu tunaiona hasara hiyo darasani: mtoto wa miaka kumi anayeweza kueleza kadi ya mgao ilivyo, lakini hajui maharage hukaa siku ngapi kabla ya kuota.

Wazee wetu waliokimbia mwaka 1972 wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipanda mashamba hadi wakajitegemea kwa chakula. Baada ya miaka zaidi ya thelathini, wengine wao walichukua uraia wa Tanzania, wengine walirudi Burundi. Wote wawili walikuwa wamelima ardhi ile ile. Kulima hakukumchagulia mtu njia. Kulimpa nguvu ya kuifuata ile aliyoichagua.

Hivyo basi jibu letu ni hili. Mwembe humfunga mtu mahali, kwa sababu hawezi kuung'oa. Nyumba humfunga. Frezi haimfungi. Mwenye kuondoka anakata mtoto, anapunguza majani yabaki mawili au matatu, anafunga mizizi kwa kitambaa kibichi, naye atavumilia siku kadhaa. Mama anabaki kwa jirani. Yeyote atakayevuka mpaka aulize kwanza maafisa wa kilimo, kwani nchi zina sheria za kuzuia magonjwa ya mimea, na sheria hizo zina maana yake. Hata akizuiliwa mche, kuna kitu ambacho hakuna mpaka unaokikagua: kujua moyo wa mche ukae wapi, jua la saa ngapi linafaa, na kamba ikatwe lini. Mzee wetu aliondoka Bujumbura bila hata mche mmoja. Haya yote tunayolima yametoka kichwani mwake, na mche wa kwanza tuliletewa na msamaria mmoja katika kopo la maziwa.

MAOMBI YETU

Kwa kumalizia tuna maombi machache.

Kwa Kamati: tunaomba kila zoni itenge sehemu ndogo ya kitalu karibu na bomba, chini ya usimamizi wa shule. Kila atakayepewa miche mitano arudishe miche mitano mwaka unaofuata, ipewe familia nyingine.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: tunaomba magunia matupu, makopo na ndoo zilizopasuka zisichomwe kabla ya kutuuliza. Pia tunaomba mkiona mmea wa miaka mitatu mlangoni mwa mtu, msiusome kama fomu aliyoijaza. Akitaka kurudi atasema kwa mdomo wake, na akiogopa kurudi atasema vilevile. Mwulizeni yeye.

Kwa wazee waliofanya kazi katika bustani za watu, Kiriri na kwingineko: njooni shuleni siku ya Ijumaa, saa za kazi za mikono. Hamhitaji cheti. Mlichokuwa mnakifanya kwa kuamriwa, leo tunaomba mtufundishe kama walimu.

Na kwa wanafunzi: kila mmoja atachukua tunda moja pale mezani, moja tu, na kabla ya kulila atatuonyesha mbegu ziko wapi. Atakayesema ziko ndani atapanga foleni upya.

Tunawashukuru wote waliotupokea, na tunawakumbuka wote waliobaki njiani.